Pale Pa Kukwama

Jumapili, 3 Agosti 2025. Kirumba, Mwanza

Mazoezi yamekwisha magharibi. Uzi mnene wa besi umeanza kushika kutu, nitanunua mwisho wa mwezi. Drams kachelewa tena. Safari hii kisingizio ni Taifa Stars: jana waliwafunga Burkina Faso mawili kwa bila, naye akasherehekea mpaka jogoo wa pili.

Kapteni kaleta neno la mpwa wangu: ana chumba cha kurekodia pale Pasiansi, na yuko tayari kuturekodi albamu nzima bila malipo. Sisi tumnunulie umeme wa LUKU na chakula cha mchana, basi. Kapteni akasema tumebaki watano wa zamani, watatu tuna sukari, mmoja presha. "Tukingoja mwakani, mtoto atarekodi kwaya ya kutuzikia." Hakuna aliyecheka.

Ugomvi ukaanza hapo hapo: turekodi nini? Kuna zile sita za 1988, tulizopanda treni nazo hadi Dar kwenda kurekodi Redio Tanzania, Barabara ya Pugu. Na kuna kama kumi na mbili mpya, Solo kazitunga miaka hii yote na hakuna anayeziomba. Kapteni anataka zile sita, Solo anataka mpya. Mimi nilinyamaza. Mpiga besi akinyamaza watu hudhani anatafakari.

Jumanne, 5 Agosti

Mpwa kanitumia albamu ya Les Mangelepa kwenye simu, ile ya 2017, *Last Band Standing*, yaani bendi ya mwisho iliyobaki imesimama. "Mjomba, sikiliza, halafu usiniambie kwamba wazee hawarekodi."

Nimeisikiliza mara mbili kwa spika ya redio, mara ya pili nikiwa na besi mapajani. Mangelepa hawa ndio wale wale waliomwacha Baba Gaston jijini Nairobi mwaka 1976, karibu bendi nzima ikanyanyuka na kuondoka. Mzee wa watu katoka nao Lubumbashi, kapita nao Dar, kawafikisha Kenya, mwaka mmoja tu baadaye wakampa mgongo. Kwa miaka kadhaa hapakuwa na harusi ziwani, upande wetu au wa Kisumu, isiyopiga sahani yao. *Embakasi* naijua kuliko namba yangu ya kitambulisho. Na *Nyako Konya*, Wakongo wakiita wimbo kwa Kijaluo, "msichana, nisaidie": walijua mnunuzi wa santuri anaishi wapi. Wavuvi wa Rorya mpaka leo huja jukwaani kuuomba kana kwamba sisi ndio tulioutunga.

Albamu hii ni nyimbo zile za zamani zilizorekodiwa upya. Sauti zimezeeka, zimeshuka kidogo, na hakuna aliyejitahidi kulificha hilo. Ila magitaa! Magitaa hayakuzeeka. Rithimu na solo vinajibizana kama wanandoa wa miaka arobaini, mmoja anaanza sentensi na mwenzake anaimalizia.

Kwanza nilisononeka. Miaka yote hiyo, halafu urudi na vilevile? Baadaye nikakumbuka ya kwetu. Zile sita zetu zilipigwa redioni nchi nzima. Kaseti zake ziliuzwa Makoroboi na mtu mmoja ambaye hatukuwahi kutia saini karatasi yake yoyote. Santuri ndiyo kabisa: Tanzania haikuwa na kiwanda, aliyetaka sahani alipeleka mkanda Nairobi, na mkanda ukivuka Namanga ulikuwa umekwenda. Sisi tuliotunga hatukubaki hata na nakala. Mwenye mkanda ndiye mwenye wimbo. Ni kama mtumbwi: unaweza kuvua kila usiku miaka thelathini, samaki ni wa tajiri mwenye chombo, wewe una mgao tu baada ya mafuta na chakula kukatwa.

Kwa hiyo mzee anayerekodi upya wimbo wake huenda hakuishiwa mawazo. Anachonga mtumbwi wake.

Nilimweleza mpwa hivyo akacheka. Anasema yule binti wa Kimarekani, Taylor Swift, amefanya hivyo hivyo tangu 2021, karekodi upya albamu zake za zamani ili mikanda iwe yake, na Mei mwaka huu kainunua hata ile ya kwanza. Nikamwambia sisi tungeinunua ya kwetu kama tungejua iko kabati gani.

Jumamosi, 9 Agosti

Mbalamwezi. Usiku kama huu dagaa hawafuati taa, maana ziwa zima lina taa. Mitumbwi imekaa mchangani na wavuvi wote wako nchi kavu na hela mfukoni. Ukumbi ulijaa kabla ya saa tatu, kiingilio elfu tano, na Sax anaapa aliona watu wanalipia mpaka kwa mafungu ya dagaa.

Nimehesabu maombi. Vikaratasi kumi na tisa vilikuja jukwaani. Vya wimbo wetu mpya: sifuri. Vilivyoomba *Kigongo*: saba.

*Kigongo* tuliutunga 1987 na ndio wimbo uliotulisha. Mwanamume amefika kivukoni Kigongo usiku, mkewe yuko ng'ambo, Busisi, kivuko cha mwisho hicho kinaondoka. Kati ya ubeti wa pili na sebene kuna pale pa kukwama: wimbo mzima unajikwaa, mapigo mawili kila mtu yuko hewani, halafu unadakwa na sebene linaanza. Wachezaji wanapajua. Ukumbi mzima hunyanyua mguu mmoja na kugandia hapo, kisha wanashuka kwa kishindo. Watangazaji wa zilipendwa wameeleza kwenye redio kwa miaka mingi kwamba ule ni ufundi, tumeiga kivuko kinavyosita kabla ya kung'oka gatini.

Haikuwa ufundi. Lilikuwa kosa, tukiwa studio, mkanda unaenda, tunapiga wote kwa pamoja na muda umebaki wa kurekodi mara moja tu. Marehemu, mwimbaji wetu, aliingia kabla ya wakati. Kiongozi wa wakati ule akamkata posho ya mwezi mzima. Kisha wimbo ukapendwa kwa sababu ya pale pale, na posho haikurudishwa.

Leo palipofika pale pa kukwama niliwaona vijana waliozaliwa baada ya 2000 wakinyanyua mguu.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepita kwa Mzee wa Capri Point kumrekebishia redio. Alikuja Mwanza kwa kazi ya pampu za maji na hakurudi kwao Italia tena. Anasema Capri halisi ni kisiwa karibu na Napoli na kwamba mawe yetu ni mazuri kuliko ya kwao. Huwa anatusikiliza Ijumaa, chupa moja tu, halafu anaondoka bila kucheza.

Nikamweleza ugomvi wetu wa albamu. Akanyanyuka bila neno akatoa sahani ya kwao, kubwa, kava lake limekatwa kwa umbo la kibubu. Kibubu kabisa, cha udongo, na pa kutumbukizia sarafu! Ni bendi ya Roma, Banco del Mutuo Soccorso, sahani yao ya kwanza ya 1972. Nikamuuliza maana ya jina. Akafikiri, akasema: "Benki ya Kusaidiana." Nilicheka hadi nikakohoa. Hiyo ni VICOBA! Mke wangu yuko katika moja Mabatini, na kibubu chao wanakifungua kila Desemba.

Alinipigia. Si muziki wa kucheza. Kinanda kinakimbia, kinasimama, kinabadili mapigo katikati ya sentensi, mara kama kanisani, mara kama ugomvi wa sokoni. Wimbo mmoja unaweza kumaliza karibu upande mzima wa sahani. Ajabu yake ni mwimbaji, jitu moja la ndevu, Francesco Di Giacomo, sauti ya kuimbia mlimani. Ndipo akaniambia: huyu alifariki 2014 kwa ajali ya gari, na mwaka uliofuata akafariki mpiga gitaa, Rodolfo Maltese. Waliokuwapo zamani akabaki mpiga kinanda, Vittorio Nocenzi. Kila mtu aliona benki imefungwa.

Mwaka 2019 wakatoa *Transiberiana*. Nyimbo mpya tupu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na mitano. Safari ya treni kuvuka Siberia, kituo hadi kituo, na mwimbaji mpya, Tony D'Alessio, ambaye hamuigi marehemu. Nyimbo nyingi Nocenzi katunga pamoja na mwanawe, Michelangelo. Niliisikiliza yote nikiwa na bisibisi mkononi. Sikuelewa neno hata moja, lakini nilielewa kinanda: huyu mzee hajifanyi kijana, wala haombi kuhurumiwa.

Mzee wa Capri Point akasema: "Mimi nazipenda zaidi za 1972." Nikamuuliza kwa nini basi alinunua mpya. Akasema, "Ningewezaje kutonunua?"

Nimeliwaza jibu hilo njia nzima. Mangelepa walirudi na nyimbo za zamani, Banco na mpya, na wote wawili walipata wa kuwasikiliza. Kumbe ubishi wa Solo na Kapteni hauko kwenye nyimbo.

Redio yake: kapasita moja tu. Sikumchaji.

Ijumaa, 22 Agosti

Stars wametolewa na Morocco, moja bila, robo fainali. Ukumbi ulikuwa na watu kumi na wanne pamoja na mlinzi. Tukapiga nusu, tukakaa kwenye viti vya plastiki kubishana.

Solo anasema *Kigongo* umekufa tarehe 19 Juni. Siku ile daraja lilifunguliwa, kilomita tatu, Kigongo hadi Busisi, gari linavuka kwa dakika chache. "Nani atamlilia mtu aliyekosa kivuko wakati kuna daraja? Apande bodaboda aende kwa mkewe!" Anataka tubadili maneno au tuuache. Yeye tayari ana wimbo mpya wa daraja, na ni mzuri, nakiri hapa kwa sababu hatasoma.

Kapteni akasema watu hawalii kwa ajili ya kivuko. Sax akauliza kama ni halali kutumia jina la bendi, watano tu kati ya kumi na wawili. Hilo nililijibu mimi. Msondo ilizaliwa NUTA 1964, vyombo mali ya chama cha wafanyakazi. Ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikaja kubaki Msondo Ngoma. TX Moshi kafa 2006, Gurumo kafa 2014, na jina bado linapanda jukwaani. Bendi za kwetu tangu zamani ni kama daladala: dereva hubadilika, konda hubadilika, njia ni ile ile. Drams akasema, "Na matairi vipara." Tukacheka, ugomvi ukapoa, lakini haukuisha.

Kijana, mwimbaji wetu wa sasa, akatoa la kwake kwa heshima: "Wazee, Kenya *Kasongo* wa Super Mazembe umefufuka mwaka jana kwa utani wa siasa tu. Bendi haikurekodi kitu. Wimbo ukitaka kurudi haumsubiri mwenyewe." Ameyasema vizuri. Ila kama kuna aliyelipwa hata senti, hilo hakulisema.

Jumapili, 24 Agosti. Pasiansi

Naandika hili usiku, mke kalala.

Mpwa kapata kaseti ya 1988 kwa fundi mmoja wa Igoma, imechakaa lakini inaimba. Ana programu ya kompyuta inayochambua wimbo mzima na kutenga sauti, ngoma, besi, kila kimoja peke yake, kama unavyochambua dagaa na mchanga. Anasema ndivyo Beatles walivyomtoa marehemu John Lennon kwenye kaseti aliyojirekodi nyumbani, wakamaliza wimbo wakautoa 2023. Kusudi lake lilikuwa jema: Marehemu aimbe ubeti mmoja katika rekodi mpya.

Akatuwekea sauti ya Marehemu peke yake. Hakuna gitaa, hakuna ngoma. Mtu amesimama gizani anaimba. Baada ya ubeti wa kwanza unamsikia anavuta pumzi, na kwa mbali, kiatu chake kinagonga sakafu kuhesabu. Kapteni alitoka nje.

Nikabaki na mpwa. Tukafika pale pa kukwama. Kiatu kinahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Marehemu akaingia. Sawasawa. Juu ya pigo lenyewe.

Nikamwambia rudisha. Akarudisha. Sawasawa tena.

Nikamwambia niwekee besi peke yake.

Sikuhitaji kusikiliza mara mbili. Vidole vyangu ndivyo, miaka ishirini na mitano, ndiyo kwanza nimeoa, kichwa kiko kwenye treni ya kurudi. Ubeti wa pili unapokwisha besi inapaswa kushuka na kumpokea mwimbaji. Besi haipo. Mapigo mawili hakuna kitu, halafu naingia mbio kama mtu anayerukia gari linaloondoka. Wengine wote walinifuata mimi, kwa sababu bendi hufuata besi, na aliyekuwa sahihi akaonekana amekosea.

Miaka thelathini na saba nimesema "Marehemu aliingia kabla ya wakati". Nimelisema msibani kwake, 2011, watu wakacheka kwa upendo.

Mpwa akaniuliza, "Mjomba, vipi?" Nikasema kaseti imekwaruzika, tuendelee kesho.

Alhamisi, 28 Agosti

Kampeni zimeanza leo. Vipaza sauti vyote vya mji vimekodiwa, hata vile viwili vyetu Kapteni kavikodisha. Mazoezi hakuna.

Sijamwambia mtu. Nimenunua uzi wa besi.

Jumapili, 31 Agosti. Kisesa

Nilipanda daladala ya Igoma, nikabadili ya Kisesa. Shemeji nilimkuta anapepeta choroko uani. "Mwadila," nikamsalimu. Akaitika, akanivutia kigoda, akauliza hali ya mke, watoto, wajukuu, sukari. Nilimjibu yote hayo kirefu, nikiogopa maswali yaishe.

Kisha nikamweleza. Nilimweleza kama ninavyoandika hapa, kiatu, hesabu, besi. Nikamwambia: shemeji, aliyekosea siku ile ni mimi, na aliyekatwa posho ni mumeo.

Aliendelea kupepeta. Kisha akasema mambo ya besi yeye hayajui, hajawahi kuisikia besi ikisema neno. "Ila posho ya mwezi ule naikumbuka. Ndiyo ilikuwa ya mabati. Tulinyeshewa masika nzima, na mtoto wa pili akashikwa na kifua." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayesoma daftari la duka.

Nikauliza kama Marehemu alijua. Akasema hakuwahi kumsikia akizungumzia. Kisha akauliza yeye: huo wimbo mnaorekodi sasa, ukileta fedha, fedha inakwenda wapi?

Sikuwa na jibu. Wiki nne tumebishana nyimbo mpya na za zamani, daraja na kivuko, jina la bendi, na hakuna aliyeuliza swali hilo. Nimesema hapa nyuma kwamba tunachonga mtumbwi wetu. Mtumbwi una viti vingapi?

Kanifungia choroko kilo mbili. Nilitaka kulipa, akanitazama tu.

Jumatano, 3 Septemba

Nimewaambia wote. Nilitaka kukaa, nikasema nikiwa nimesimama.

Drams alicheka kwanza, kisha akaacha. Sax akasema yeye siku zote alihisi. Uongo. Solo ndiye aliyenishangaza: akasema basi turekodi *Kigongo*, na turekodi vizuri, tusawazishe lile pengo, tumpe Marehemu haki yake ya kuingia wakati sahihi. Kapteni akakataa. Watu wanaponyanyua mguu, alisema, wanamnyanyulia Marehemu, wamemnyanyulia miaka thelathini na saba. Ukilisawazisha pengo utakuwa umemfuta mara ya pili.

Tukapiga kura. Wanne kwa wawili: pale pa kukwama pabaki. Sauti ya kwenye kaseti tumekubaliana tusiitumie, mwenyewe hakuulizwa. Kijana ataimba kwa sauti yake, asimwigize. Nikawatajia yule D'Alessio wa Roma, hakuna aliyejua ninasema nini.

Jumapili, 7 Septemba. Pasiansi

Mbalamwezi tena, na leo mwezi umepatwa.

Tulianza kurekodi saa tisa mchana. Nyimbo tano za zamani zimeingia bila tabu. *Kigongo* ndio umetutesa, na aliyetutesa ni mimi. Mikono inakataa kukosea. Ubeti wa pili ukiisha vidole vinashuka vyenyewe, mahali pake, kwa wakati wake, kama vinavyopaswa kushuka tangu 1988. Jukwaani huwa nawategemea watu: nawaona wanainua mguu, nami nasubiri. Studio hakuna miguu. Tumerudia mara kumi na moja. Mpwa akasema anaweza kulikata pengo kwenye kompyuta, sekunde tatu tu. Kapteni akamwambia akate shule aliyosoma.

Saa mbili na nusu usiku umeme ukakatika, tukatoka nje wote. Mwezi ulikuwa mwekundu kama chungu kipya. Mji mzima ulikuwa barabarani, simu juu. Chini, upande wa Mwaloni, tukaona taa za karabai mbili tatu zinawashwa ziwani. Sax akasema kuna wajanja wameona giza wakadhani wataiba saa moja ya dagaa. Pengine kweli. Giza lenyewe halikufika hata saa moja na nusu.

Umeme uliporudi mpwa akazima taa za chumbani makusudi. Kapteni na Drams wakavua vipokea sauti na kusimama mbele yangu. Ubeti wa pili ukaisha, wazee wawili wenye sukari wakanyanyua kila mmoja mguu wa kushoto, wakaganda hapo wakitetemeka, nami nikangoja. Mapigo mawili. Nikaingia kama mtu anayerukia gari.

Mara ya kumi na mbili. Ndiyo iliyobaki.

Baadaye tukarekodi wa Solo, wa daraja. Mara moja tu, safi. Hakuna aliyesema kitu, lakini Kapteni aliomba asikilizishwe tena.

Jumamosi, 13 Septemba. Kirumba

Jana tuliupiga wa daraja ukumbini kwa mara ya kwanza. Waliocheza ni watano, wawili kati yao watoto wa Solo. Mzee wa Capri Point alikuwapo na chupa yake moja. Hakucheza, lakini safari hii aliondoka baada ya wimbo wa mwisho.

Leo tumeandika karatasi. Nyimbo saba: sita za 1988 na mmoja mpya. Mwakani, uzima ukiwapo, Solo ataanza na mpya tatu, Kapteni kaweka saini. Mkanda ni mali ya bendi, nakala moja kwa mpwa, moja kwangu, moja kwa Kapteni, na tutausajili COSOTA ili siku ya kudai tusiambiwe hatujulikani. Gharama zitatolewa kwanza, kama mtumbwini. Kinachobaki kinagawanywa mafungu manane: Kapteni, Solo, Sax, Drams, Kijana, mpwa, mimi, na shemeji wa Kisesa. Fungu la nane halikuleta ubishi. Ubishi ulikuwa kwenye jina la mpiga besi katika *Kigongo*, mpwa anauliza tuandikeje kuhusu pale pa kukwama, watangazaji watauliza.

Nimemwambia aandike hivi: aliyechelewa ni besi.

Posho ya mwezi mmoja ya 1988 nimeipigia hesabu ya mabati ya leo, mabati kumi, geji thelathini. Nimeshalipa nusu dukani. Nusu nitamalizia Desemba, mke akifungua kibubu.